Tembea na Foleni Kabla Hujachagua Kazi

Ukitoka Mbeya kwa basi kuja Tunduma, mpakani na Zambia, mji unauona kabla hujafika. Unauona kwenye malori. Siku ya kawaida foleni inakupokea Mpemba; siku ikiwa mbaya inakupokea mbali zaidi, na basi linapita pembeni kwa kunyata, malori upande huu, bodaboda upande ule, mpaka stendi. Mwanafunzi wa chuo anayerudi likizo muda huo huwa ameinamia simu. Foleni hiyo ameiona tangu darasa la pili, ataona nini kipya? Nami naanzia hapo hapo kwenye foleni, maana kwa miaka niliyokaa na vijana wa Songwe wakiniuliza wafanye kazi gani, nimeona wengi wao wanapotea katika kilometa hizo chache, wakiwa wamepita kando ya jibu.

Mwulize kijana wa hapa mjini, wa Sogea au Kaloleni, aliye mwaka wa pili Mzumbe, TIA au UDOM anataka kufanya kazi gani. Atakwambia TRA. Asipotaja TRA atataja Uhamiaji, benki au halmashauri. Wachache watasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wakikosa vyote watarudi kwenye biashara ya mzee. Hizo ndizo kazi alizoziona akikua: mtu mwenye sare getini, mtu mwenye tai kaunta, baba mwenye duka. Kazi zenyewe hazina ubaya. Kinachonisumbua ni kwamba kijana huyu hakuchagua, alichukua kilichokuwa mbele ya macho yake, na chuo kizima kikapita bila mtu kumwonyesha kingine.

Tuziangalie namba kwanza. Juni 2014 Uhamiaji walikuwa na nafasi 70, na vijana waliofika kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walizidi 10,000. Ile picha ya majukwaa yaliyojaa wasomi wakisubiri mtihani wengi tunaikumbuka. Mwaka 2025 TRA ilikuwa na nafasi 1,596, maombi yakafika 135,027. Gawanya mwenyewe: kila kiti kimoja kiligombewa na watu 85 hivi. Siandiki haya kumvunja moyo anayeomba. Omba, tena jiandae kwa usaili kama mtu anayekusudia kushinda. Ninachokataa ni kijana kupanga miaka mitatu ya chuo, fildi yake, na miaka miwili ya kukaa nyumbani baada ya kuhitimu, vyote vikisubiri mlango mmoja ufunguke.

Wazazi wetu nao hawatudanganyi wanaposema "soma, serikali itakuajiri". Wanasema walichokiona kwa macho yao. Mpaka SUA ilipokuwa chuo kikuu mwaka 1984, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, kile cha Dar es Salaam, na aliyehitimu pale alikuta wizara inamsubiri. Leo vyuo ni vingi kiasi kwamba mwanafunzi wa Songwe ana MUST, TEKU na kampasi ya Mzumbe hapo Mbeya tu, safari ya saa chache. Hata kwenye ualimu, uliokuwa kimbilio la uhakika, siku hizi mwalimu anaitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira kama watu wengine. Mzazi anakupa ramani ya barabara ya zamani, na aliipita kweli. Ni barabara yenyewe iliyohama.

Sasa turudi kwenye foleni. Nakuomba likizo hii ufanye jambo moja ambalo halina gharama kubwa: chukua daftari, panda bodaboda hadi Mpemba, kisha rudi kwa miguu kuelekea mpakani. Tembea taratibu. Kwenye kila lori jiulize swali moja, kwamba mpaka lori hili lisimame hapa, ni watu wa kazi gani wameligusa?

Chukua lori lililobeba salfa, linalokwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Congo. Mzigo umeshuka meli bandarini Dar es Salaam. Kuna wakala wa forodha aliyeandaa nyaraka za transiti. Kuna kampuni ya bima iliyoweka dhamana ya forodha, ili mzigo ukiishia njiani serikali isipoteze kodi yake. Salfa ni kemikali, kwa hiyo Mkemia Mkuu wa Serikali ana neno lake. Lori lenyewe linahitaji bima itakayotambuliwa ng'ambo, ile kadi ya njano ya COMESA. Ofisini kwa mwenye malori kuna mtu anayeangalia kwenye kompyuta kila gari liko wapi saa hii, na mwingine anayepiga hesabu ya dizeli. Dereva umemwona, fundi aliyekagua breki kabla ya kupanda mlima Kitonga hujamwona. Na lori hilo likirudi na shaba, mlolongo unaanza upya kutoka upande wa pili.

Lori linalofuata limebeba mahindi. Hapa anaingia mtu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana shehena ya nafaka haivuki bila cheti cha afya ya mimea. Anaingia mtu wa viwango wa TBS. Na yupo mtu ambaye karibu kila mwanafunzi ninayemtajia hushangaa: wa Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Kijana aliyesoma fizikia na kuambiwa mtaani kwamba fizikia mwisho wake ni ualimu, hajawahi kuambiwa kwamba fizikia inafanya kazi mpakani. Wa biolojia hajui kwamba mdudu aliyejificha kwenye gunia ni ajira ya mtu. Ukiongeza afisa afya wa mpakani, msafirishaji, mwenye ghala, na mwanasheria anayeshughulikia mzigo uliokamatwa, ukifika getini daftari lako lina kazi zisizopungua ishirini. Ulianza safari na tano.

Tangu Oktoba 2019, Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Kwa mwanafunzi maana yake ni kubwa kuliko jengo: shughuli ambazo watu wa Dodoma wanazisoma kwenye kitabu cha biashara ya kimataifa, wewe unaziona ukitumwa chumvi.

Daftari likijaa, kazi bado haijachaguliwa. Jina la kazi halikwambii kitu. "Wakala wa forodha" linasikika vizuri mpaka ujue kwamba mzigo ukikwama saa nne usiku, simu inaita saa nne usiku. "Afisa mikopo" ni heshima mpaka ujue kwamba sehemu ya kazi ni kugonga mlango wa mama aliyeshindwa kurejesha, huku watoto wanakutazama. Wapo wanaozipenda siku za namna hiyo na wapo ambao zingewaua moyo, nawe huwezi kujua uko kundi lipi kwa kusoma tangazo la ajira. Unajua kwa kumuuliza mtu aliyemo.

Na ukimpata, usimuulize mshahara. Kwanza hatakwambia ukweli, pili utakuwa umemfunga mdomo. Mwombe akusimulie jana. Alifika saa ngapi, alianza na nini, nani alimpigia, alikula wapi, aliondoka na mawazo gani. Mwache aongee. Mtu akisimulia siku yake, utasikia mahali sauti inapopanda na mahali anaposhusha pumzi, na hapo ndipo kazi ilipo. Baada ya hapo muulize jambo la pili, ambalo kwangu lina thamani kuliko yote: mtu wa mwisho kuajiriwa pale ofisini aliingiaje? Hapo ndipo utasikia ukweli ambao hauandikwi. Alianza kama mwanafunzi wa fildi akabaki. Alikuwa na cheti fulani ambacho wengine hawakuwa nacho. Aliletwa na mjomba wake. Hilo nalo lijue mapema, ujue mlango upi usipoteze nauli kuugonga.

Vijana wananiambia, "Mimi sina koneksheni." Mji huu una watu waliofungamana kuliko unavyodhani. Mama yako yuko kwenye kikoba chenye wanawake thelathini, na kila mmoja ana mume, kaka au mpangaji anayefanya kazi mahali. Kanisani au msikitini mzee anayekaa safu ya mbele alistaafu TAZARA. Nenda kwa adabu: amkia, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na unasoma wapi, sema umekuja kuomba nusu saa ya ushauri na hujaja kuomba kazi. Usiende mwisho wa mwezi wala siku ambayo mfumo wa forodha umesumbua tangu asubuhi. Ukitoka, ndani ya siku mbili mtumie ujumbe wa kushukuru. Wachache sana wanafanya hivyo, na mzee akipata nafasi ya kumtaja kijana mahali, humtaja anayemkumbuka.

Niseme kilichonipata mimi. Nilipokuwa chuoni nilipangiwa fildi kwenye ofisi moja ambayo nilikuwa nimeiota tangu sekondari. Nilikaa wiki nane. Nilitoa fotokopi, nilipanga mafaili, nilitumwa vitafunio. Aliyetakiwa kunisimamia nilimwona mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa siku ya kusaini kitabu cha kumbukumbu. Nilirudi chuoni na hasira, nikiamini nimepoteza muda. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba mafaili yale yalikuwa yananionyesha kitu: nilikuwa naona watu wa umri wa baba yangu wakifanya kwa miaka ishirini kile ambacho mimi kilinichosha kwa wiki nane. Laiti ningeandika hilo jioni ile ile, ningejiokoa miaka miwili ya kuomba kazi ambayo moyo wangu ulikuwa umeshaikataa. Kwa hiyo fildi ikikuangukia vibaya, usilalamike tu. Kila jioni andika mistari mitatu: leo nimefanya nini, nini kimenifanya nisahau saa, nini kimenifanya niangalie saa. Wiki nane zikiisha unayo mistari ya kutosha kukwambia jambo ambalo mshauri yeyote, mimi nikiwemo, hawezi kukwambia.

Na kuhusu mahali pa fildi, nitasema bila kuzunguka. Wanafunzi wa Songwe wanagombania fildi wizarani Dodoma na makao makuu ya mashirika Dar es Salaam, wakalipe chumba na nauli kwa bumu lisilotosha, wakati nyumbani kwao kuna moja ya mipaka yenye shughuli nyingi zaidi kusini mwa Afrika Mashariki. Wenzao wa Mwanza na Tanga wangetamani nafasi hiyo. Rudi nyumbani, ule ugali wa mama, ufanye fildi mpakani. Hata utafiti wa mwaka wa mwisho uutafutie mada hapa. Msimamizi chuoni amechoka kusoma utafiti juu ya "changamoto za wafanyabiashara wadogo Kariakoo". Mpe utafiti juu ya muda unaopotea kwenye foleni kati ya Mpemba na geti, na umepata njia halali ya kuwahoji watu wale wale ambao baadaye utawaomba kazi.

Kuna jambo ambalo vyuo havilisisitizi vya kutosha: shahada mara nyingi ni mlango wa kwanza tu. Aliyesoma uhasibu anasubiriwa na mitihani ya NBAA. Wa ununuzi na ugavi anahitaji bodi yake, PSPTB. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mwanasheria anayetaka kusimama mahakamani lazima apite Shule ya Sheria. Hayo ukiyajua mwaka wa nne umechelewa kupanga fedha na muda. Lakini kwa mtoto wa Tunduma kuna karatasi nyingine ambayo sioni ikitajwa: cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na usafirishaji wa shehena, kinachotolewa nchini kupitia Chuo cha Kodi. Si shahada, na kwa sababu si shahada, wasomi wanakidharau. Ongea na wenye ofisi za uwakala hapa mjini uwaulize wangependelea nani kati ya mwenye shahada tupu na mwenye shahada pamoja na cheti hicho.

Lugha nayo ni mtaji uliolala. Mtoto wa Tunduma anazungumza Kinyamwanga na ndugu zake wa Nakonde, anasikia Kibemba sokoni, ana Kiswahili cha kuongea na dereva yeyote na Kiingereza cha kuandika barua kwa Mzambia. Bado moja tu: Kifaransa. Sehemu kubwa ya mizigo inayopita hapa mwisho wake ni Congo, na ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa nyaraka zinabadilika lugha. Kama chuo chako kina darasa la Kifaransa la jioni, sioni sababu ya wewe kutokuwemo.

Lakini siwezi kukusifia mpaka bila kukwambia udhaifu wake. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na mji huu ukajua maana ya kutegemea geti moja. Aprili 2025 Tanzania ilizuia kwa muda mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini baada ya wao kuzuia ya kwetu, na walioumia kwanza ni wale ambao mzigo wao ulikuwa njiani. Kwa hiyo ukichagua kazi ya mpakani, chagua ujuzi unaoweza kuubeba. Anayejua forodha anaweza kwenda Kasumulu, Namanga au bandarini. Anayejua tu jina la ofisa fulani wa zamu, mwenzake akihamishwa amehamishwa naye.

Nje ya Tunduma mkoa huu una mengine, nitayapitia haraka. Mbozi kuna kahawa, na kuna kituo cha utafiti wa kahawa pale Mbimba. Mwanafunzi wa SUA kutoka Vwawa au Mlowo ambaye hajawahi kuingia pale anaacha darasa lililo mlangoni kwao. Kamsamba kuna mpunga. Ileje kuna makaa ya mawe Kiwira na barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole iliyofungua njia ya Malawi. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860, inapita hapa hapa, na tangu Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China waliposhuhudia makubaliano ya kuifufua, maneno ni mengi.

Kuhusu maneno mengi nina onyo. Usichague kozi kwa sababu ya habari ya jana. Angalia mradi wa metali adimu wa Ngualla, wilaya ya Songwe. Utafiti wake ulishika kasi mwaka 2010, vijana wakaambiwa mgodi unakuja, somesheni watoto jiolojia. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa 2023. Kijana aliyeingia chuo akiwa na ndoto ya Ngualla alihitimu, akaoa, akapata watoto wawili kabla ya leseni. Kama alipenda mawe kwa dhati, alipata kazi Geita au Kahama na hakuna kilichoharibika. Kama alifuata habari tu, alikaa akisubiri. Mradi mkubwa uwe sababu ya pili ya uamuzi wako, kamwe usiwe ya kwanza.

Mwaka 1909 huko Boston, Marekani, kilichapishwa kitabu cha Frank Parsons, anayetajwa mara nyingi kama baba wa ushauri wa kazi. Alishauri mambo matatu: ujijue, uijue kazi, kisha uvipatanishe kwa akili. Ni ushauri mzuri na mpaka leo vyuo vinaufundisha. Lakini Parsons hakumwandikia kijana ambaye ada yake ya kwanza ilitoka kwenye magunia ya mahindi ya baba mdogo, na nauli ikatoka kwa shangazi. Uamuzi wetu una watu wengi mezani, na anayekwambia "fuata moyo wako, waache waseme" hajui kesho utakula kwa nani. Kwa hiyo kuna jambo la nne, nalo ni kuzungumza nyumbani.

Wengi wanazungumza vibaya. Wanasubiri ugomvi, kisha wanatupa neno: "Mimi sitaki uhasibu." Baba anasikia dharau, hasikii hoja. Jaribu njia nyingine. Chagua jioni mzee ametulia, amefunga duka, hesabu zimekaa sawa. Mama awe amejua mapema. Anza kwa kushukuru kilichotolewa, kwa kukitaja: gunia fulani, mwaka fulani. Halafu leta daftari. "Baba, likizo hii nimeongea na watu watano wanaofanya kazi hizi. Huyu kanieleza hivi, huyu kanieleza vile. Nimeona niendelee na kozi yangu, ila fildi nifanye kwa wakala wa forodha, na mwakani nisome kile cheti. Nikiona haifai, nitakuja tuongee tena." Mzee mfanyabiashara anaelewa lugha hiyo. Ni lugha ya mtu aliyefanya utafiti wa soko kabla ya kununua mzigo. Anaweza bado kukataa. Basi mwombe muda, mwaka mmoja, usimwombe akubali maisha yako yote kwa usiku mmoja.

Na kama baba ana biashara, liseme na hilo bila aibu. Kurudi dukani si kushindwa. Ila usirudi kuwa mtoto wa mwenye duka. Rudi na kazi yenye jina: wewe ndiye wa mahesabu na kodi, au wewe ndiye wa kufuatilia mizigo ya Zambia, kwa malipo yaliyokubaliwa na kwa muda unaojulikana. Nimeona ndugu wakikosana vibaya sana kwa sababu msomi alirudi "kusaidia" bila kuelewana anasaidia nini.

Fedha za mkopo ziingie kwenye hesabu mapema. Ukiajiriwa rasmi, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ondoa hiyo, ondoa kodi ya mapato, ondoa mfuko wa jamii, ondoa chumba, ndipo uone kazi iliyo mbali na nyumbani inakuachia nini ukilinganisha na ya mshahara mdogo hapa unapolala bure. Hesabu hiyo ifanye kwenye karatasi, isiishie kichwani, kwa sababu kichwani kila mtu huwa anajipunjia matumizi. Ukihitimu na ajira ikachelewa, kuna mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu kupitia wakala wa ajira wa serikali, TaESA, na kuna ile asilimia nne ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inapaswa kuwakopesha vijana walio kwenye vikundi. Uliza kwa afisa maendeleo ya jamii, tena uliza kabla ya kuunda kikundi, ujue masharti.

Kuna mmoja anayesoma haya yuko mwaka wa pili, kozi anaichukia, ameshasapu mara mbili, na moyo umezama. Wewe nakwambia usiache chuo kwa hasira. Mkopo umeshaanza, mwaka mmoja au miwili imebaki. Jiulize kama unachochukia ni fani yenyewe au ni somo moja na mwalimu wake. Mara nyingi ni hilo la pili. Kama ni fani kweli, bado unaweza kuipinda: fildi yako, utafiti wako, lugha utakayoongeza, cheti utakachofuata. Nimewaona waliosoma jiografia wakiongoza maghala, na waliosoma Kiswahili wakifanya kazi ya ukalimani kwenye mikutano ya mipakani. Kozi inakupa pa kuanzia. Lakini kama umegundua mwaka wa kwanza, katika wiki za mwanzo, nenda ofisi ya udahili kesho asubuhi, maana dirisha la kuhama kozi hufungwa haraka na halisubiri huruma.

Usijaribu kuamua maisha yote. Amua mwaka mmoja. Andika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako: kuanzia sasa hadi likizo ijayo nitajaribu kazi ipi, nitaongea na nani, nitajua vipi kama inanifaa au hainifai. Hayo matatu tu. Mwakani ukirudi, usome ulichoandika kabla hujaandika kingine, na uwe mkweli.

Barua ya fildi usiisubiri Juni, wakati kila ofisi imeshajaa. Iandae Januari, na ukija nyumbani kwa Pasaka ipeleke kwa mkono. Ukifika, mpe katibu muhtasi heshima yake, maana yeye ndiye anayejua barua ipi inafika mezani kwa bosi. Muulize jina la mtu atakayekusimamia, na kama yupo, omba umsalimie. Kisha ukirudi Mbeya au Dodoma, ukae upande wa dirisha, simu uiweke mfukoni mpaka basi lipite Mpemba.